Darwin aliazima kwa nani?

Swali: «Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia). Kitabu chetu kinasema Darwin alifika visiwa vya Galápagos, akaona midomo ya ndege inatofautiana, akagundua mageuzi. Rafiki yangu naye amenionyesha maandishi yanayosema Darwin hakugundua lolote, aliiba tu: kwa Lamarck, kwa Malthus, hata kwa al-Jahiz wa Basra aliyeishi karibu miaka elfu moja kabla yake. Nimsadiki nani?»

Marahaba, mwanangu. Kitabu chako na rafiki yako, kila mmoja ameshika ukweli kwa ncha tu. Safari ilikuwapo, ndege walikuwapo, na mawazo ya watu wengine yalikuwamo tele. Ila kuna jambo moja ambalo kila nikilifundisha darasa hunyamaza: wengi wa waliompa Darwin mbao na misumari waliipinga nyumba aliyoijenga. Hawakuamini kwamba spishi moja inaweza kugeuka ikawa nyingine, na baadhi yao walijaza kurasa nyingi kuipinga fikra hiyo. Ukilishika hilo, suala la wizi utalipima vizuri zaidi.

Tuwamalize ndege kwanza. Darwin alipita Galápagos Septemba na Oktoba 1835, na chiriku wale hawakumfungua macho hata kidogo. Wengi wao hakuandika alimpata kila mmoja kisiwa gani. Alirudi Uingereza Oktoba 1836, na ilipofika Januari 1837 ndipo John Gould, mtaalamu wa ndege wa London, alipomwambia kwamba ndege ambao yeye aliwadhani wa jamaa mbalimbali, wote ni chiriku wa kundi moja. Waliomtikisa zaidi ni ndege wengine wa visiwa hivyo, wale hodari wa kuiga sauti, kwa kuwa hao aliwaandikia visiwa vyao. Gould akamthibitishia kuwa ni spishi tatu, zilizotoka visiwa tofauti. Katika kitabu cha 1859 kuhusu asili ya spishi, chiriku hawana nafasi yoyote ya maana. Umaarufu wao ulikuja baadaye.

Sasa twende kwenye kitu alichopanda nacho melini, maana hapo ndipo penye utajiri.

Meli ya Beagle iling'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831, Darwin akiwa na miaka 22. Nahodha FitzRoy alimpa zawadi: juzuu ya kwanza ya kitabu cha jiolojia cha Charles Lyell, kilichotoka 1830. Henslow, profesa wake wa Cambridge, alikuwa amemshauri akisome, lakini kwa vyovyote vile asiyakubali yaliyomo. Unaweza kuuliza, kitabu cha mawe kina hatari gani? Wanajiolojia wengi wa wakati ule waliona dunia imepitia maangamizi makubwa, moja baada ya jingine, na kila moja lilifuta kilichokuwapo. Lyell alifuata njia iliyofunguliwa na Mskoti James Hutton katika karne ya 18. Alisema nguvu tunazoziona leo, yaani mvua, mito, mawimbi, volkano na matetemeko, zinatosha kueleza milima na mabonde yote, mradi zipewe muda. Muda mwingi kupita tulivyozoea kuhesabu.

Kituo cha kwanza kikubwa kilikuwa kisiwa cha Santiago, Cape Verde, Januari 1832. Ukiwa baharini unauona ukuta wa jabali, na katikati yake umepita mstari mweupe ulionyooka, mita kama 14 juu ya maji. Darwin alipousogelea akakuta ni chokaa iliyojaa makombe ya baharini. Chini yake mwamba wa volkano, juu yake mwamba wa volkano. Akausoma kama ukurasa: hapa palikuwa sakafu ya bahari, lava ikaja ikaifunika, kisha ardhi yote ikainuliwa polepole, kwa utulivu kiasi kwamba mstari haukuvunjika. (Wewe ukienda Mji Mkongwe, Unguja, tafuta ukuta uliobanduka lipu, uchungulie jiwe lenyewe. Ni tumbawe la kale lililokuwa chini ya maji, na leo watu wanalichimba nchi kavu.)

Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Februari 1835, Darwin alikuwa Chile tetemeko lilipouangusha mji wa Concepción. Baada ya siku chache FitzRoy alikwenda kupima pwani ya kisiwa cha Santa María, akakuta kome waliokufa na kuoza, bado wamebana miambani, mita 3 juu ya alama ya maji kujaa. Kome hawapandi jabali. Ardhi ndiyo iliyopanda, nao wakiwa wameishikilia. Na Darwin alikwishaona makombe ya baharini kwenye nchi ya juu ya Amerika Kusini, akaenda akayaona tena ndani ya milima ya Andes. Hesabu ikajipanga yenyewe: mita 3 leo, mita 2 karne nyingine, na milima inasimama.

Mazoea hayo ya akili ndiyo mkopo mkubwa kuliko yote: kitu kidogo kinachoonekana, kikirudiwa kwa muda usio na kifani, kinazaa kitu kikubwa kisichoonekana kikitokea. Darwin aliyachukua kutoka kwenye miamba akayapeleka kwenye viumbe. Mwenyewe alikiri katika barua ya 1844 kwamba huhisi kana kwamba vitabu vyake vimetoka nusu katika ubongo wa Lyell.

Na sasa utaniuliza, Lyell mwenyewe alisemaje kuhusu mageuzi? Aliyakataa. Juzuu ya pili, iliyomfikia Darwin bandarini Montevideo mwishoni mwa 1832, inamchambua Lamarck, Mfaransa aliyedai kwamba spishi hubadilika, hoja kwa hoja ili kuonyesha kwamba spishi hazigeuki. Mtu aliyeitoa milima mikononi mwa miujiza hakuthubutu kufanya hivyo kwa wanyama. Mwanafunzi wake alithubutu, na Lyell, pamoja na urafiki wao wa miaka mingi, alisitasita hadi miaka ya mwisho ya 1860 ndipo akalikubali jambo hilo waziwazi katika toleo jipya la kitabu chake hichohicho.

Mpinzani mwingine aliyetoa mchango mkubwa ni Mfaransa Georges Cuvier. Mwaka 1796 alilinganisha meno na mataya ya tembo, akaonyesha kwamba tembo wa Afrika na tembo wa India ni spishi mbili, na kwamba mamothi aliyechimbwa kaskazini ni wa tatu, hayupo tena popote duniani. Leo kila mtoto anajua wanyama hutoweka. Wakati ule wengi walidhani mnyama asiyeonekana amejificha tu kwenye nchi ambayo haijafikiwa. Cuvier ndiye aliyelithibitisha jambo la kutoweka, na bila kutoweka uteuzi asilia, yaani wenye tofauti zinazowafaa kubaki na kuzaa huku wengine wakifa, hauna maana, kwa kuwa unahitaji wanaoshindwa.

Hata hivyo Cuvier aliyapinga mageuzi kwa nguvu zake zote. Msafara wa Napoleon ulileta kutoka Misri wanyama waliokaushwa makaburini na Wamisri wa kale, miongoni mwao ndege kwarara. Cuvier akapima mifupa ya kwarara wale, akailinganisha na ya kwarara wa siku zake, akakuta hakuna kilichobadilika kwa miaka elfu kadhaa. Akasema: yako wapi mageuzi? Naipenda hoja hii kwa sababu ni ya kisayansi kabisa. Ina kipimo na ina ushahidi. Kosa lake lilikuwa moja tu, saa aliyoitumia ilikuwa fupi. Miaka elfu chache, kwa hesabu ya Lyell, ni kama kupepesa jicho.

Mifupa ikampa Darwin jambo jingine. Septemba 1832, huko Punta Alta katika Argentina ya leo, alichimba mabaki ya wanyama wakubwa mno. Miongoni mwao kulikuwa na vipande vya gamba la mifupa, vya mnyama aliyefanana na armadilo, mnyama mdogo mwenye gamba anayekimbia kwenye mbuga hizohizo mpaka leo. William Clift wa London alikuwa ameona jambo kama hilo kwa Australia: mifupa ya kale ya mapangoni ni ya jamaa za kangaruu. Richard Owen, aliyeichambua mifupa ya Darwin baada ya safari, akalitia nguvu zaidi kwa Amerika Kusini. Kanuni ikawa hii: waliokufa wa mahali fulani wanafanana na walio hai wa mahali hapohapo. Owen naye hakuwa upande wa Darwin. Mwaka 1860 aliandika uhakiki mkali sana wa kitabu chake, bila kuweka jina. Ishike kanuni hiyo ya mahali, nitaihitaji mwishoni.

Linnaeus nampitia haraka. Msweden huyo aliwapanga viumbe katika makundi ndani ya makundi, na katika toleo la 1758 binadamu akawekwa kundi moja na nyani na sokwe. Aliona anaorodhesha mpango wa Muumba. Darwin aliitazama orodha ileile akaona ukoo: makundi yanaingiana kwa sababu yana mababu wa pamoja. Katika daftari alilolianza Julai 1837 alichora mti mdogo wenye matawi, na juu yake akaandika maneno mawili tu ya Kiingereza, «I think», yaani «nadhani».

Lamarck ametendewa vibaya na vitabu vyetu vya shule. Tunamleta darasani na twiga wake anayerefusha shingo kwa kuinyoosha ili tumcheke, halafu tunamleta Darwin kama mshindi. Lamarck ndiye aliyesimama hadharani mwaka 1809, mwaka aliozaliwa Darwin, akasema spishi hubadilika na hutokana na spishi nyingine zilizotangulia. Utaratibu alioutoa, kwamba kiungo kinachotumika hukua na ukuaji huo hurithiwa, ndio uliokosea. Na Darwin mwenyewe hakuuacha. Aliendelea kuamini kwamba matumizi ya viungo yana sehemu yake katika urithi. Ukiulizwa kwenye mtihani utofautishe hao wawili, tofautisha, lakini usimfanye Lamarck mjinga.

Kisha kuna mchungaji William Paley. Kitabu chake cha 1802 kinafunguka kwa mfano wa saa: ukiikuta saa nyikani, magurudumu yamepangwa yafanye kazi moja, utajua kuna fundi aliyeitengeneza. Akapitia mwili wa kiumbe mmoja baada ya mwingine akionyesha jinsi kila kiungo kinavyofaa kazi yake. Mmoja ni kigogota, mwenye ulimi mrefu mgumu wa kuwachokoa wadudu ndani ya mti. Darwin alikisoma kijana akakifurahia sana. Fungua utangulizi wa kitabu chake cha 1859, utamkuta kigogota yuleyule: miguu, mkia, mdomo, ulimi, vyote vimeafiki kazi ya kukamata wadudu chini ya magome. Swali alilirithi kwa Paley neno kwa neno, jibu akatafuta jingine. Wengine walioandika juu ya mageuzi kabla yake walieleza kwamba viumbe hubadilika. Darwin alijua kwamba nadharia isiyoeleza ulimi wa kigogota haijaeleza kitu, na aliyemfundisha kuwa mkali hivyo ni Paley.

Jibu lilipata ufunguo tarehe 28 Septemba 1838, alipokuwa akisoma insha ya Thomas Malthus juu ya idadi ya watu, iliyotoka mara ya kwanza 1798. Malthus, naye mtu wa kanisa, alikuwa akizungumzia umaskini. Watu huongezeka kwa kuzidishwa, chakula huongezeka kwa kujumlishwa, hivyo njaa na maradhi huja kuzuia. Darwin alihamisha hoja hiyo kwa viumbe wote, ambao hawalimi wala hawapangi uzazi. Akatafuta mnyama anayezaa taratibu kuliko wote afanye naye hesabu, akamchagua tembo. Tuseme jike anaanza kuzaa akiwa na miaka 30, anaacha akiwa na 90, na kwa muda wote huo jozi moja inapata watoto sita tu. Toleo la kwanza lilisema baada ya karne tano uzao wa jozi hiyo ungefikia tembo milioni 15. Hesabu haikuwa sahihi, wasomaji wakaikosoa, naye akaisahihisha: miaka 740 hadi 750, tembo karibu milioni 19. Hata kwa hesabu iliyosahihishwa, swali linabaki palepale. Serengeti haina tembo milioni 19. Wako wapi? Hawakuishi kufikia kuzaa. Na kama wanaokufa ni wengi kuliko wanaobaki, na kama hakuna ndugu wawili wanaolingana kabisa, basi tofauti ndogo tu inaweza kuamua nani abaki, na anayebaki ndiye anayerithisha.

Malthus aliona katika ongezeko hilo sababu ya hali ya binadamu kutobadilika sana. Darwin aliona injini ya mabadiliko.

Lakini alihitaji kuonyesha kwamba kuchagua kunaweza kweli kubadili mwili. Hapo hakwenda kwa wasomi, alikwenda kwa wafugaji wa njiwa. Kuanzia 1855 alifuga aina zote alizoweza kuzipata na akajiunga na vyama vya wafugaji London. Yuko njiwa anayepinduka angani, yuko anayevimbisha koo kama mpira, yuko mwenye mkia uliotandazwa kama upepeo, wenye manyoya 30 au hata 40 badala ya 12 au 14 ya kawaida. Kisha akafanya jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika kitabu kile. Alizalisha njiwa weupe wa mkia-upepeo na njiwa weusi wa aina nyingine, akazalisha tena watoto wao. Mjukuu akatoka rangi ya kibuluu, kiuno cheupe, mistari miwili myeusi kwenye bawa, sura kamili ya njiwa mwitu wa majabalini. Babu mweupe, bibi mweusi, na mjukuu amevaa sura ya babu wa mababu. Neno «uteuzi» katika uteuzi asilia limetoka hapo hapo, kwa mfugaji anayeteua jogoo gani abaki na nani achinjwe.

Sasa rafiki yako na wizi wake. Kuna ushahidi mmoja ambao naona unatosha. Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyekusanya viumbe, alikuwa visiwani, katika Indonesia ya leo, mwanzoni mwa 1858. Homa ikamlaza, akamkumbuka Malthus aliyemsoma miaka mingi nyuma, na wazo la uteuzi likamjia. Alikuwa amemsoma Lyell pia. Barua yake ilimfikia Darwin Juni 1858, na maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja mbele ya chama cha Linnean, London, tarehe 1 Julai. Watu wawili wenye vitabu vilevile kichwani, waliotembea nchi za tropiki wakikusanya viumbe, walifika mahali pamoja. Mawazo yalikuwa yameiva. Tofauti ni kwamba Darwin alikuwa na miaka 20 ya ushahidi makabatini.

Alipoambiwa kwamba Patrick Matthew aliwahi kuandika wazo linalofanana mwaka 1831, ndani ya kiambatisho cha kitabu cha mbao za merikebu, Darwin alilikubali kwa maandishi, na toleo la tatu la 1861 likawekewa historia fupi ya waliomtangulia. Mwizi haandiki orodha ya wenye mali.

Al-Jahiz namheshimu sana. Katika karne ya 9 aliandika juu ya wanyama kwa jicho kali, jinsi wanavyowindana na kuliwa na wenye nguvu zaidi. Ila kula na kuliwa si uteuzi bado. Unahitaji tofauti zinazorithiwa zirundikane kizazi kwa kizazi. Madaftari ya Darwin yapo na yamechapishwa. Lyell yumo, Malthus yumo mpaka na tarehe yake, al-Jahiz hayumo. Msifu kwa aliyoyaandika, inatosha.

Mawili yalimshinda Darwin, na yote mawili ni madeni ambayo hakupata wa kumkopesha. La kwanza ni urithi. Yeye na wenzake walidhani sifa za wazazi huchanganyika kama rangi. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin akauliza: kama ni hivyo, sifa mpya nzuri itadumu vipi? Tone la wino ndani ya ndoo ya maziwa halionekani tena. Jibu lilikwishachapwa mwaka mmoja kabla, na mtawa wa Brno aitwaye Gregor Mendel, aliyeonyesha kwa njegere kwamba vinavyorithiwa havichanganyiki. Hujificha na kutokea tena vikiwa vizima. Mjukuu wa njiwa wale wa Darwin alikuwa akisema jambo hilohilo. Hakuna aliyeyaunganisha hadi 1900 na miaka iliyofuata.

La pili ni muda wenyewe. Mwaka 1862 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikokotoa jinsi dunia ilivyopoa, akaipa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akaibana zaidi. Darwin aliumia sana kwa hilo. Kelvin hakujua kuhusu mnunurisho, yaani miale inayotolewa na atomi zinazojivunja zenyewe, uliogunduliwa 1896, ambao huongeza joto ndani ya dunia na pia hutumika kupima umri wa miamba. Leo tunasema bilioni 4.5.

Nilikuambia ushike kanuni ya mahali, ile ya Clift na Owen. Mwaka 1871 Darwin aliitumia kwa binadamu. Jamaa zetu wa karibu, sokwe na gorila, wanaishi Afrika. Waliokufa wa mahali hufanana na walio hai wa hapo. Kwa hiyo yaelekea mababu zetu waliishi Afrika. Hakuwa na fuvu hata moja la kuonyesha. Tarehe 17 Julai 1959, miaka 100 baada ya kitabu chake, mwanaakiolojia Mary Leakey aliona mfupa umechomoza ardhini Olduvai. Ulikuwa wa fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Wakamwita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa zama za al-Jahiz waliliita eneo letu. Majivu ya volkano ya tabaka alimolala yakapimwa kwa mnunurisho uleule aliouhitaji Darwin, na mwaka 1961 jibu likatangazwa: miaka milioni 1.75. Fuvu linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.